Mshahara wa Profesa Galileo

Najua wengine mko kafe hapo, mmelipia nusu saa na dakika zinakatika huku mnasoma, kwa hiyo sitawazungusha. Leo tumzungumzie Galileo Galilei. Tulia kwanza, usikimbie ukurasa. Sitakuchosha na fizikia ya kidato cha tatu, wala sianzi na ile kesi yake na Kanisa ambayo kila mtu anaijua juu juu. Nataka tuzungumzie mshahara wake.

Ndiyo, mshahara. Huyu mzee kabla hajawa jina la vitabuni alikuwa mwalimu wa chuo kikuu kwa miaka 21. Alikuwa na mkataba, alikuwa na vipindi, alikuwa na madeni, na alikuwa na wakubwa wa kuwabembeleza wamwongezee. Nikiyasoma maisha yake kwa upande huo naona mtu ninayemfahamu kabisa. Namwona kwenye daladala jioni, karatasi za mitihani mapajani, anawahi darasa la pili upande wa pili wa mji.

Alizaliwa Pisa, Italia, tarehe 15 Februari 1564. Baba yake, Vincenzo, alikuwa mwanamuziki, fundi wa ala ya nyuzi iliyo ndugu kabisa na huu udi wetu wa taarabu, na aliandika vitabu vya nadharia ya muziki. Jina lilikuwepo, hela hazikuwepo. Basi mzee akataka kijana awe daktari, kwa sababu ile ile inayowafanya wazazi wengi hapa kwetu watake mtoto awe daktari. Mwaka 1581 Galileo akaandikishwa Chuo Kikuu cha Pisa kusoma utabibu. Haukumwingia. Akakutana na hisabati njiani, akanasa huko, na mwaka 1585 akaondoka chuoni bila digrii.

Narudia kwa waliopitiwa: bila digrii. Baba wa sayansi ya kisasa hakumaliza chuo.

Miaka iliyofuata alibangaiza. Alifundisha tuisheni ya hisabati Florence na Siena, huku akiandika mambo yake na kuyapeleka kwa watu wenye uzito. Mwaka 1588 aliomba kiti cha hisabati Chuo Kikuu cha Bologna, akakosa. Akapewa Giovanni Antonio Magini, aliyemzidi umri na aliyekuwa tayari na machapisho. Mwaka uliofuata Pisa wakamchukua, na hapo tusidanganyane, kulikuwa na kujuana. Mkabaila mmoja mpenda hisabati, Guidobaldo del Monte, ambaye mdogo wake alikuwa kardinali, alimsemea. Galileo alistahili ile kazi, hilo halina ubishi. Ila kustahili peke yake kulishamwangusha Bologna.

Mshahara wa Pisa: scudi 60 kwa mwaka, mkataba wa miaka mitatu.

Kwa nini kidogo hivyo? Inabidi ujue vyuo vya wakati ule vilivyokuwa. Wenye hadhi walikuwa walimu wa sheria, teolojia na utabibu, na wa falsafa akifuatia. Mwalimu wa hisabati alionekana fundi wa kuhesabu tu. Wengi waliokaa darasani kwake walikuwa wanafunzi wa udaktari, waliohitaji kujua mwendo wa nyota kwa sababu daktari wa enzi hizo alitazamia kwanza nyota ndipo atibu. Kwa maneno mengine lilikuwa somo la kujazia. Walimu wa utabibu na falsafa pale pale Pisa walilipwa mara nyingi zaidi ya yeye, na hakuna aliyeona ajabu.

Na mwenyewe hakuwa mtu wa kunyamaza. Kanuni zilitaka walimu wavae joho la uprofesa hata mitaani. Galileo akatunga shairi refu la kejeli dhidi ya joho. Unaweza kupiga picha ofisi ya utumishi walivyolipokea. Akawa pia anawabishia wanafalsafa waliomwamini Aristotle kwa kila kitu. Mwaka wa tatu unafika, dalili za mkataba kuongezwa hazionekani.

Halafu 1591 baba akafariki. Galileo ndiye mtoto wa kiume wa kwanza. Nyumba nzima ikamgeukia: mama yake Giulia, wadogo zake, na madeni. Kule Italia mahari ilitoka upande wa binti kwenda kwa mume, tena mahari ya maana, na bila hiyo binti haolewi. Dada yake Virginia aliolewa mwaka huo huo. Ahadi ya mahari ikawa juu ya kaka mwenye scudi 60 kwa mwaka. Shemeji alipochoka kusubiri akatishia kwamba Galileo akikanyaga Florence atakamatwa kwa deni.

Kwa hiyo 1592 alipopata nafasi Padua, hakwenda kwa ajili ya sayansi tu. Alikuwa anatafuta hela.

Padua ilikuwa chini ya Jamhuri ya Venice, na chuo chake kilikuwa kati ya vyuo bora kabisa Ulaya. Mshahara wa kuanzia ulikuwa florini 180 kwa mwaka, mkataba miaka minne ya uhakika na miwili kwa ridhaa ya mtawala. Tarehe 7 Desemba 1592 akatoa mhadhara wake wa kwanza. Alikuwa na miaka 28. Alikaa hapo miaka 18.

Sasa sikiliza kitu ambacho kilinishangaza. Galileo mwenyewe aliandika kwenye barua kwamba kazi yake rasmi Padua haikumfunga zaidi ya nusu saa 60 kwa mwaka. Nusu saa 60! Ni saa 30 kwa mwaka mzima. Wewe uliyelipia nusu saa hapo kafe, ukija mara 60 umemaliza ajira ya profesa. Aliwafundisha vijana jiometri ya Euclid na elimu ya nyota ya Ptolemy, basi. Mhadhiri wa leo akisikia hivyo atacheka au atalia.

Na bado Galileo alilalamika kwamba hana muda. Hakuwa mvivu wala mwongo. Tatizo halikuwa kwenye ratiba, lilikuwa kwenye malipo. Chuo kilinunua saa 30 zake kwa bei isiyotosha kulisha familia ile, na yeye akalazimika kuuza saa zilizobaki, moja moja, kwa mtu yeyote aliyekuwa nazo.

Nyumba yake Padua iligeuka hosteli. Vijana wa kitajiri kutoka pande mbalimbali za Ulaya walipanga kwake, wengine wakija na watumishi wao, akawalisha na kuwafundisha. Hawakutaka falsafa. Walitaka kujua kujenga ngome, kupima ardhi, kulenga mzinga. Vijana wa kivita wale. Galileo akawapa walichotaka: mchana vipindi, jioni vipindi, huku akihesabu kuni na mvinyo wa wapangaji.

Mwaka 1597 akabuni bikari ya kijeshi, kifaa cha kukokotolea chenye mikono miwili iliyochorwa mistari ya hesabu. Ukiwa nayo ungeweza kubadili fedha za nchi moja kwenda nyingine, kukadiria baruti ya mzinga, kugawanya mistari. Niseme ilikuwa kikokotoo cha mfukoni cha karne ile. Mwaka 1599 akamleta fundi, Marcantonio Mazzoleni, akahamia pale nyumbani na familia yake, wakawa wanavitengeneza. Na hapa utaona akili ya mtaani: kifaa aliuza lire 50, lakini mafunzo ya kukitumia yalikuwa lire 120. Faida ilikuwa kwenye mafunzo. Wale jamaa wanaokuuzia simu bei poa halafu wakakumalizia kwenye vifurushi hawakuanza wao.

Alipiga pia ramli za nyota kwa wateja. Ndiyo, Galileo. Alitazamia nyota za watu kwa malipo, na hata za binti zake mwenyewe bila malipo. Bei ya mkate ilikuwa ile ile, uwe unaamini nyota au huamini.

Nikisoma haya siwezi kucheka sana. Niliwahi kuwa mkufunzi msaidizi kwenye chuo kimoja, sitakitaja, mkataba wa muda. Nilikuwa na seminari sita kwa wiki na rundo la karatasi za kusahihisha lililofika kiunoni, na malipo yalikuja muhula ukishaisha, yakija. Jioni nilifundisha tuisheni ya hesabu kwa watoto wa sekondari, Jumamosi nikachapa ripoti za watu. Kulikuwa na utafiti niliotaka kuufanya. Upo mpaka leo kwenye daftari, kurasa kumi na moja. Hakuna aliyenikataza kuufanya. Nilikuwa tu sina saa ambayo haijauzwa.

Turudi Padua. Hakuoa, lakini aliishi na mwanamke wa Venice, Marina Gamba, wakapata watoto watatu: Virginia mwaka 1600, Livia 1601, Vincenzo 1606. Na 1601 dada yake mdogo, naye Livia, akaolewa. Mahari: dukati 1,800. Tena Galileo alikuwa ameshapandishwa hadi florini 320, lakini hata hapo deni lile lilizidi mshahara wa miaka mitano. Mdogo wake wa kiume, Michelangelo, mwanamuziki kama baba yao, alikuwa ameahidi kuchangia nusu. Unajua tayari ninachotaka kusema. Hakuchangia. Alikuwa Poland akitafuta maisha, akarudi, akaoa, akafanya sherehe kubwa. Kila ukoo una Michelangelo wake.

Sasa tuje kwenye kupandishwa. Mkataba ulipoisha ndipo tathmini ilipofanyika. Kutoka 180 akaenda 320 mwaka 1599, akaenda 520 mwaka 1606. Waliojaza zile fomu za OPRAS enzi hizo wanajua usumbufu wa kujieleza kwa bosi umefanya nini mwaka mzima. Galileo hakuwa na fomu, alikuwa na Seneti ya Venice, wakabaila waliopiga kura kuhusu thamani yake. Marafiki walimbebea hoja, hasa Giovanni Francesco Sagredo, kijana wa ukoo mkubwa wa pale. Bila mtu ndani, barua ya mwalimu wa hisabati ingekaa kwenye kabati.

Hebu tumfanyie sisi hiyo tathmini. Tuseme ni mwanzoni mwa 1609, Galileo ana miaka 45, kakaa Padua zaidi ya miaka 16, tunamwita mbele ya kamati. Machapisho? Kijitabu cha maelekezo ya bikari, cha 1606, nakala 60 zilizochapwa nyumbani kwake. Na kingine cha 1607, cha kujitetea baada ya kijana mmoja, Baldassarre Capra, kukitafsiri kile kijitabu kwa Kilatini na kukitoa kama chake. Galileo alimfikisha mbele ya wakuu wa chuo, akashinda, Capra akafukuzwa. Ndiyo hivyo tu. Kijitabu cha kifaa na ugomvi wa wizi wa maandishi. Kwa kipimo cha kuhesabu machapisho huyu mzee hapandi cheo.

Wakati huo huo, kwenye chumba fulani cha nyumba ile iliyojaa wapangaji, kuna ubao ulioinamishwa na mpira wa shaba unaoteremka juu yake. Kwa saa gani? Hakukuwa na saa ya kupima sekunde, alipima muda kwa maji yanayotiririka kwenye kopo na kuyapima uzito. Kwa njia hiyo alishapata kanuni ya jinsi vitu vinavyoanguka, na alishagundua kwamba kitu kilichorushwa hupita njia ya parabola. Mambo yale ndiyo yaliyovunja fizikia ya Aristotle iliyotawala kwa karibu miaka 2,000. Yalikuwa kwenye makaratasi ya droo. Kamati haikuyaona, kwa sababu hakuwa na muda wa kuyaandika, kwa sababu kesho asubuhi kuna kijana wa kikabaila anataka somo la ngome.

Mapema mwaka ule wa 1609 aliandika barua kwa mtu wa karibu na watawala wa Florence, na naona ndiyo barua muhimu kuliko zote kwa sisi tunaofuatilia mambo ya ajira. Alieleza kwamba jamhuri, hata iwe karimu vipi, haiwezi kumlipa mtu bila kumtumikisha kwa umma, maana hela ni ya umma. Anayeweza kumpa mtu mshahara na kumwacha na muda wake ni mtawala mmoja mwenye amri yote. Alishachoka kuuza saa. Alitaka mtu anunue zote mara moja, kisha amrudishie.

Miezi michache baadaye habari zikafika Italia kwamba Waholanzi wana bomba lenye vioo linalovuta vitu vya mbali. Hakulibuni yeye, tuwe wazi hapo. Alisikia, akafikiri, akasaga vioo mwenyewe na kutengeneza lililo bora kuliko yale yaliyokuwa yanazunguka, lenye kukuza mara nane au tisa. Agosti 1609 akawapandisha maseneta juu ya mnara wa Mtakatifu Marko mjini Venice. Wazee wakaona meli baharini saa mbili kabla ya mtu yeyote aliye chini kuziona. Nchi ya wanamaji ile. Akaitoa zawadi kwa mtawala wao, na Seneti ikapiga kura: ajira ya maisha na florini 1,000 kwa mwaka.

Kutoka 520 hadi 1,000 kwa siku chache! Miaka ya mpira wa shaba haikumletea hata florini moja. Darubini ya wiki chache imemletea 480.

Ila soma vizuri mkataba, ndugu yangu. Maandishi yalipotoka, nyongeza ingeanza baada ya mkataba wa zamani kwisha, yaani mwaka unaofuata. Na baada ya hapo hakuna nyongeza nyingine tena maisha yake yote. Na vipindi vipo pale pale. Hata na hizo 1,000, mwenzake wa falsafa, Cesare Cremonini, alikuja kulipwa mara mbili yake. Huyu Cremonini ndiye aliyekataa kuchungulia kwenye darubini.

Galileo akaendelea na vioo. Januari 1610 akageuza darubini bora zaidi kwenye sayari ya Mshtarii, akaona nyota ndogo zinazoizunguka, nne. Akili ya mtaani ikaamka tena. Alikuwa amemfundisha hesabu Cosimo de' Medici wakati wa likizo za kiangazi, na kijana huyo sasa ndiye Mtawala Mkuu wa Toscana, Florence. Galileo akaziita zile nne Nyota za Medici, akachapa kitabu Machi 1610, nakala 550, na kukipeleka Florence pamoja na darubini. Ombi la kazi lililoandikwa mbinguni, utasema nini?

Mei akaandika masharti. Alitaka muda wa kumaliza vitabu vyake. Na alitaka cheo chake kisiwe mwanahisabati tu, kiongezwe neno mwanafalsafa, kwa sababu alijua ni neno gani linalolipwa na ni neno gani linaloagizwa chai. Akakubaliwa yote. Mwanahisabati Mkuu wa Chuo Kikuu cha Pisa, na Mwanafalsafa na Mwanahisabati wa Mtawala. Scudi 1,000 kwa mwaka. Halazimiki kufundisha, halazimiki hata kuishi Pisa. Na hela inatoka wapi? Kwenye mfuko wa Chuo Kikuu cha Pisa! Mfuko ule ule uliompa 60 alipokuwa anafundisha, sasa unampa 1,000 asipofundisha. Mwishoni mwa miaka ya 1620 walijitokeza waliohoji malipo hayo, na mimi siwashangai. Walikuwepo walimu pale wakishika chaki kila siku.

Septemba 1610 akahama. Venice walikasirika, walikuwa wametoka kumpa ajira ya maisha. Sagredo alikuwa mbali, Aleppo kule Syria, kwenye kazi ya ubalozi. Aliporudi akakuta rafiki hayupo, akamwandikia kwa huzuni, akimkumbusha kwamba Padua alikuwa na uhuru ambao hataupata kwingine, na kwamba kwa mtawala mmoja huwezi kujua fitina zitamgeuzia wapi. Halikuwa neno la hewani. Mwaka 1606 Papa alipoifungia Venice huduma za Kanisa, Jamhuri ilimkatalia na kuwafukuza Wajesuiti. Mwalimu wa Padua alikuwa na serikali nyuma yake isiyoogopa Roma. Florence haikuwa hivyo.

Marina alibaki Padua. Mabinti walichukuliwa, na mwaka 1613 wakaingizwa kwenye nyumba ya watawa Arcetri, Virginia akiwa na miaka 13 na Livia 12. Walizaliwa nje ya ndoa, na kuwaoza kungetaka mahari kubwa. Baba yao alikuwa amelipa mahari za dada zake nusu ya maisha yake. Hilo mimi linanikaa rohoni kuliko kesi yenyewe.

Kesi mnaijua. Alionywa 1616, kitabu chake cha kulinganisha mifumo miwili ya ulimwengu kikatoka 1632, Papa akakasirika. Cosimo alishafariki 1621, aliyekuwepo ni mwanawe Ferdinando, kijana mpole mbele ya Roma. Alimpa Galileo malazi mazuri kwenye nyumba ya balozi wake kule Roma, lakini hakuweza kukataa kumtoa. Tarehe 22 Juni 1633, mzee wa miaka 69 alipiga magoti akaikana imani yake kwamba dunia inazunguka jua. Akafungiwa nyumbani kwake Arcetri mpaka kifo.

Wapo wanaosema angebaki Padua na florini zake 1,000 asingeguswa. Inawezekana. Lakini mimi sioni haki kumlaumu mtu aliyechoka kuuza jioni zake kwa miaka 18. Na tuwe wakweli kwa upande wa pili pia: ule ubangaizaji haukuwa hasara tupu. Karakana iliyoanzishwa kuuza bikari ndiyo iliyompa mikono ya kutengeneza vyombo vyake. Wale wapangaji ndio waliolisambaza jina lake Ulaya nzima. Uzeeni alimwandikia mwenzake kwamba miaka 18 ya Padua ndiyo iliyokuwa bora kuliko yote maishani mwake. Ile ile ya madeni. Nimeifikiria sana kauli hiyo, na naona alikuwa anakumbuka watu: Sagredo, fundi Mazzoleni, nyumba yenye kelele, mtu anayeweza kubishana mezani usiku kucha na asubuhi asiitwe mahali.

Na yale makaratasi ya droo? Aliyatoa akiwa kifungoni. Kitabu cha mwendo wa vitu na uimara wa maada kilichapwa 1638 mjini Leiden, Uholanzi, kwa sababu hakuruhusiwa kuchapa kitu. Sehemu kubwa ya mambo ya mwendo aliyafanya Padua karibu miaka 30 nyuma. Kilipotoka alikuwa ameshapofuka, hakukisoma. Wanafizikia wengi hukiona ndicho kitabu chake kikubwa kuliko vyote, kikubwa kuliko kile kilichompeleka mahakamani.

Alifariki tarehe 8 Januari 1642, akiwa na kijana wake wa mkono Vincenzo Viviani, na Evangelista Torricelli aliyekuja miezi michache kabla kumsaidia kuandika. Torricelli, ndiye yule wa kipimahewa cha zebaki, akapewa nafasi ya Galileo kwa Mtawala. Akaandikwa mwanahisabati. Lile neno mwanafalsafa, ambalo mzee alilipigania kwenye mkataba wa 1610, kwenye cheo cha Torricelli halikuwekwa.